Ndege Mwenye Pete

Je, umewahi kukaa kando ya maji na kuwatazama ndege, bila kutaka kuwafukuza wala kuwala? Mimi nilifikisha umri wa miaka 33 kabla ya kufanya hivyo. Na aliyenifundisha ni mwanafunzi wangu mwenyewe.

Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hiyo. Ofisi ilinipa na pikipiki, lakini huko ninakotaka kukueleza pikipiki haina faida. Barabara za huko ni maji.

Mahali penyewe ni delta ya mto Rufiji. Rufiji ni mto mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Mto huu ukikaribia bahari haumwagi maji yake mahali pamoja. Unagawanyika kama vidole vya mkono, na kila kidole kina mlango wake baharini. Katikati ya vidole hivyo kuna visiwa, vijiji, mashamba ya mpunga na mikoko. Mikoko ya delta hii inafika kama hekta 53,000. Hakuna delta nyingine katika Afrika ya Mashariki yenye mikoko mingi hivyo.

Maji ya bahari yakipwa, mbele ya mikoko hubaki uwanja mkubwa wa tope. Mgeni akiutazama uwanja ule huona tope tu. Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Nilivuka pale kwa mtumbwi kila Alhamisi kwenda darasani, na jambo nililolijali lilikuwa moja: viatu vyangu visichafuke.

Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Wanafunzi walikuwa 19, na wanawake ndio waliokuwa wengi. Mkubwa wao kwa umri alikuwa mama mmoja mwenye wajukuu. Sote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa mkulima wa mpunga, na wakati wa maji kupwa alikwenda matopeni kutafuta kaa. Alijifunza kusoma polepole, lakini herufi akiishaijua haimtoki tena.

Siku moja somo lilikuwa juu ya wadudu na ndege wanaoharibu mazao. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NDEGE NI ADUI WA MKULIMA. Wanafunzi wakasoma kwa pamoja, vizuri kabisa. Kisha Bibi akainua mkono.

"Mwalimu, ndege gani?"

Nikamjibu, "Ndege hawa wanaokula mpunga, Bibi. Kweleakwelea na wenzake."

"Hao nawajua. Lakini ubao unasema ndege tu. Ndege wa matopeni hawali mpunga. Wanakula kaa. Na kaa ndio wanaokata miche yangu ya mpunga."

Darasa likanyamaza. Watu wa delta wanajua habari ya kaa na miche. Mimi sikuijua. Ilikuwa wajibu wangu kuongeza neno moja tu ubaoni, tuendelee. Badala yake nikasema, "Hilo tutaliona siku nyingine, Bibi," nikafuta ubao. Nakueleza haya ili uone kwamba kosa langu lile kubwa halikuwa la kwanza.

Mwezi wa Novemba Bibi alikuja darasani na kitu kimefungwa kwenye pindo la kanga. Alisubiri mpaka wote wamekaa. Kisha akafungua. Alikuwa ndege mdogo, amekufa. Bibi alimkuta asubuhi ile amenaswa katika wavu mkuukuu ulioanikwa juu ya mikoko.

Ndege yule alikuwa na mgongo wa kijivu na tumbo jeupe. Miguu yake ilikuwa mifupi, ya rangi ya manjano. Mdomo wake ulikuwa mrefu, na haukunyooka. Ulipinda kwenda juu, kama omo ya mtumbwi. Na katika mguu mmoja alikuwa amevaa pete nyembamba ya alumini.

"Ina maandishi," Bibi alisema. "Na miaka mingi iliyopita niliokota ndege mwingine mwenye pete kama hii. Wakati ule sijui hata a. Niliogopa. Nilisema huyu ni ndege wa mtu, mwenyewe atakuja kunidai. Pengine ni mambo ya uchawi. Nikamtupa majini pamoja na pete yake. Leo sikutupa."

Tukaisoma pete ile kama tulivyozoea kusoma, silabi kwa silabi. Tukaipitisha mkono kwa mkono. MO. Hapo wote walikubaliana. Kisha ikaja S peke yake. Kisha K, nayo peke yake. Kisha WA.

"S haina irabu, na K haina irabu," alisema bwana mmoja. "Aliyeandika hii hajamaliza kisomo."

Mwingine akasema labda ni "mesukwa", kama mkeka. Tulicheka sana. Lakini mimi nilikisia mara moja. Neno lenyewe lilikuwa MOSKWA, na hivyo ndivyo wenyewe walivyouandika mji wa Moscow, mji mkuu wa Urusi. Nikawaeleza. Nikajiona mimi ni mwalimu hasa. Mtu akijiona hivyo ndipo hukosea.

Kando ya neno lile palikuwa na namba ndefu. Nikamwambia kila mmoja aiandike katika daftari lake, iwe zoezi la tarakimu. Pete ilikuwa imekwaruzika kwa mchanga na chumvi. Tarakimu moja ya katikati haikuonekana vizuri. Mimi niliitazama mara moja, nikasema ni 8. Wanafunzi wote wakaandika 8. Bibi alitoka nje ya kivuli cha mwembe, akaifuta pete kwa kanga, akaigeuza juani kwa muda mrefu. Kisha akakaa na kuandika 3.

Nilipopita kusahihisha nikamwambia, "Bibi, hii ni 8."

"Ni 3, Mwalimu. Ulitufundisha kwamba 8 imefunga milango yote, na 3 ina milango miwili upande wa kushoto. Hii ina milango."

"Imefutika kidogo tu, Bibi. Ni 8."

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaikata ile 3 yake, na juu yake nikaandika 8. Bibi hakusema neno. Alilifunga daftari lake, akaliweka mapajani. Na mimi nikaichukua pete, nikaitia katika mfuko wa shati langu ili niipeleke mjini.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza ni nani anayewavisha ndege pete, na kwa sababu gani. Ngoja nikueleze, maana habari hii ni nzuri.

Zamani watu wa Ulaya waliona ndege wao wakipotea kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Wengine walifikiri ndege hao hulala chini ya maji mpaka baridi iishe. Basi mwaka 1822, huko Ujerumani, karibu na mahali paitwapo Klütz, alipatikana korongo mweupe mwenye mshale umemchoma shingoni. Mshale ule ulikuwa na urefu wa kama sentimita 80. Walipouchunguza, wakaona kwamba umetengenezwa Afrika. Mwindaji mmoja wa Afrika alimpiga korongo yule, naye hakufa. Aliruka na mshale wake shingoni mpaka Ulaya. Korongo yule alikaushwa, na yupo mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Mwindaji hakujua kwamba amepeleka barua.

Kisha mwaka 1899, katika mji wa Viborg nchini Denmark, mwalimu mmoja wa shule aitwaye Hans Christian Cornelius Mortensen alianza kutumia pete. Alitengeneza pete nyepesi za alumini. Akaandika juu ya kila pete namba na anwani, akawavisha ndege 165 na kuwaachia waende zao. Tangu wakati huo watu wa nchi nyingi wamefanya kazi hiyo. Mwenye kumwona ndege wa pete akaisoma namba yake na kuipeleka kwenye anwani, ataambiwa ndege huyo alivishwa pete wapi na lini. Ndege akiwa hai, pete haivuliwi. Husomwa tu, na ndege huachiwa. Pete haina dawa, haina uchawi, na hakuna mtu atakayekuja kukudai.

Haya niliyasoma mjini baadaye. Nilifurahi kwamba aliyeanza kazi hiyo kwa utaratibu alikuwa mwalimu kama mimi.

Turudi kwenye pete yetu. Jioni ile nilipovuka, mtumbwi ulikuwa unavuja. Nikainama kukumba maji kwa kopo. Niliposimama upande wa pili, mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Pete ilianguka majini, au ilimwagwa pamoja na maji niliyoyakumba kwa mikono yangu. Lakini namba nilikuwa nayo katika daftari langu, pamoja na ile 8. Nikajifariji. Nilipofika mjini niliituma Moscow kwa njia ya intaneti, nikaeleza na sura ya ndege.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa fupi na la adabu. Lilisema hivi: namba hii ni ya ndege wa aina nyingine kabisa, mwenye mdomo mfupi. Huyo unayemweleza siye. Tafadhali iangalie pete tena.

Iangalie tena! Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama dukani, mkono umeshika mfuko wa shati.

Lakini hilo halikuwa ndilo baya zaidi. Katika wiki zile tatu Bibi hakuja darasani. Alhamisi ya kwanza nilidhani anaumwa. Ya pili nilidhani yuko shambani. Ya tatu nilimwuliza jirani yake. Aliinamisha macho, akasema, "Bibi anasema macho yake yamechoka. Anasema kusoma ni kwa watu wenye macho mazuri."

Nimewahi kuandika katika taarifa zangu sababu nyingi za watu wazima kuacha kisomo. Nimeandika kilimo, uvuvi, ugonjwa, harusi, maji mengi. Sikupata kuandika hata mara moja: kalamu ya mwalimu.

Siku ya pili yake, ambayo haikuwa siku ya darasa, nilivua viatu nikaenda matopeni kumtafuta.

Bibi alikuwa mbali, amejifunga kanga kiunoni, ana fito yenye ndoano ya kutolea kaa mashimoni. Nilijaribu kutembea haraka. Nikazama mpaka magotini, nikaanguka. Ndege wote wa upande ule wakaruka kwa kelele. Bibi aligeuka, akanitazama nilivyo, akajizuia kucheka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umewafukuza wote. Njoo ukae hapa. Maji yanaanza kujaa, watarudi."

Tukakaa juu ya mzizi wa mchu, jua likiwa nyuma yetu. Nilitaka kusema niliyokuja kusema. Bibi akaniambia ninyamaze kwanza. Basi nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikatazama.

Maji ya bahari yanapojaa hula tope polepole kutoka mbali. Ndege waliokuwa wametawanyika kote husukumwa na maji, wakaja karibu, mpaka wote wanakutana kwenye ukingo uliobaki. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuwatazama ni maji yanapojaa. Huna haja ya kuwafuata. Ukikaa kimya, bahari itakuletea.

Wa kwanza kuja walikuwa sululu. Sululu ni ndege mkubwa wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini kama mundu. Aliuingiza mdomo ule katika shimo la kaa, ukapotea karibu wote, akatoka na kaa. Alimtikisa mpaka miguu ya kaa ikakatika, akammeza. Kisha walikuja kitwitwi wa namna nyingi, wadogo, wenye kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Kila mmoja ana mdomo wa urefu wake. Mwenye mdomo mfupi huokota juu ya tope. Mwenye mdomo mrefu huchimba chini. Hivyo wanakula meza moja bila kugombana sana.

"Yule pale," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Ndugu yake marehemu."

Nikamwona. Mdomo umepinda kwenda juu. Alikuwa akikimbia kichwa kimeinama, huku na huku, kama mtu aliyelewa anayetafuta ufunguo. Alimkamata kaa mdogo, akaenda naye ukingoni mwa maji, akamwosha tope, akamla. Bibi alikuwa anamjua tangu utoto. Mimi nilikuwa nimempita kila Alhamisi kwa miaka miwili.

Palikuwa na wengine, weupe wenye mgongo mweusi, warefu kiasi cha kuku, wenye mdomo mnene mweusi. Nao wanakula kaa. Bibi alisema, "Hawa mama yangu alisema wanatoka Manga." Nilidhani ni hadithi tu. Baadaye nilisoma kwamba ni kweli. Ndege hao huzaliana pwani na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu, mpaka Somalia. Na hawajengi kiota juani. Huchimba shimo refu mchangani, wakataga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia yai hilo, hata mzazi anaweza kuliacha kwa muda akatafute chakula. Mama yake Bibi hakujua kusoma.

Nikamwuliza Bibi wanakuja lini na kuondoka lini. Alinijibu bila kufikiri. Wanaanza kuja mwezi wa nane. Kaskazi ikivuma wako tele. Mwezi wa nne kusi inapoanza wananenepa, na baadhi yao wanabadili manyoya, wanakuwa wekundu kama matofali. Kisha wanaondoka usiku, na kusi inawasukuma mgongoni. "Kama majahazi ya Waarabu zamani," alisema. "Yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Ila wapo wanaobaki. Nadhani ni watoto, hawajapata nguvu." Na hilo nalo ni kweli. Ndege wengi wa namna hii, katika mwaka wao wa kwanza, hubaki pwani yetu mpaka wakomae.

Nilianza kuwahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilipofika 87 waliruka, wakazunguka, wakatua mahali pengine. Hesabu yangu ikapotea. Bibi akasema, "Mia mbili na thelathini."

"Umejuaje?"

"Nyanya sokoni unahesabu moja moja? Unatazama fungu. Nimehesabu kumi, nikaona ukubwa wa kumi. Kisha nikahesabu mafungu. Ni 23."

Je, wajua kwamba wataalamu nao hufanya vivyo hivyo? Tangu mwaka 1967 kuna hesabu ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari katika nchi nyingi, kwa kuwa mwezi huo ndege wengi wamekwisha tulia mahali pao. Wahesabuji huhesabu kumi, au mia, kisha hupima kundi zima kwa fungu hilo. Mimi nilikuwa nimekaa na mtaalamu, na darubini yake ilikuwa macho yale yale aliyosema yamechoka.

Hapo nikamweleza. Nilimweleza habari ya jibu la Moscow. Nilimweleza kwamba pete imepotea majini kwa uzembe wangu. Nikamwambia, "Bibi, nadhani ilikuwa 3."

Hakunijibu mara moja. Maji yalikuwa yamefika miguuni mwetu. Akasema, "Haikuwa ya kudhani, Mwalimu. Ilikuwa na milango."

"Nisamehe Bibi."

"Daftari langu liko nyumbani. Nimelitundika juu, panya wasile. Twende kabla maji hayajatuzunguka. Huku kuna mamba."

Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye boriti. Tukalifungua uani. Namba ilikuwapo yote, ameiandika kwa herufi kubwa, kila tarakimu imekaa peke yake kama mtu aliyepewa kiti chake. Katikati ilikuwapo ile 3. Wino wangu mwekundu ulipita juu yake, lakini haukuifuta. Namba ile niliinakili upya, na Bibi akanisimamia. Kila tarakimu niliyoandika aliitazama kabla sijaenda kwenye nyingine.

Jibu la pili lilikuja baada ya mwezi mmoja. Nililichapisha mjini, nikalitafsiri kwa Kiswahili, nikaliandika kwa herufi kubwa katika karatasi. Sikulisoma mimi. Alhamisi ile Bibi alirudi darasani, nami nikampa karatasi alisome yeye. Alisimama chini ya mwembe, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno.

Ndege yule alivishwa pete nchini Urusi, kando ya mto, katika nchi ya misitu. Alikamatwa kwenye kiota chake, mwezi wa Juni, miaka sita kabla ya kufika mikononi mwa Bibi. Wakati ule alikuwa tayari mkubwa. Kutoka pale mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 7,000, hata kama angeruka moja kwa moja bila kupinda.

"Mwalimu, tufanye hesabu," alisema yule bwana wa irabu.

Tukafanya hesabu ubaoni. Mwaka wa pete alikuja mara moja. Kisha kila mwaka alikwenda na kurudi. Safari za kuja ni 7, za kwenda ni 6. Jumla 13. Mara 7,000, tukapata kilomita 91,000. Nikawaambia kwamba kuizunguka dunia yote ni kama kilomita 40,000. Kwa hiyo ndege yule, ambaye uzito wake ulikuwa kama wa yai la kuku au zaidi kidogo, aliruka njia ya kuizunguka dunia mara mbili, na akabakiza.

"Na nauli yake ni kaa tu," akasema mama mmoja.

Bibi hakucheka. Alikuwa bado ameshika karatasi. Alisema, "Akapita kote huko, akaja kufia katika wavu wetu mkuukuu usiofanya kazi."

Watu wakatazamana. Wavu ule ulikuwa wa mmoja wa waliokaa pale. Hakuna aliyemtaja. Wiki iliyofuata, mtumbwi wangu ulipopita kwenye mikoko, niliona kwamba wavu umeondolewa. Nyavu nyingine mbili zilizokuwa zimetupwa upande wa pili nazo hazikuwapo. Sikuuliza.

Ubaoni siku ile, kabla hatujaachana, niliandika tena sentensi ile ya zamani. Nikawauliza wanafunzi waisahihishe. Walibishana karibu nusu saa. Wengine walitaka KWELEAKWELEA NI ADUI WA MKULIMA. Wengine walisema hata kweleakwelea ana kazi yake, ila mwenye shamba hana nafasi ya kuijua. Tukamaliza bila kupatana, na ubao ulikuwa umejaa.

Bibi alikuwa wa mwisho kuondoka. Alikuja na daftari lake, akalifungua kwenye ukurasa ule wa namba.

"Mwalimu, una kalamu yako nyekundu?"

Nikaitoa.

"Weka vema hapa."

Nikaikata ile 8 yangu, na kando ya 3 yake nikaweka alama ya vema. Bibi aliitazama, akapuliza wino ukauke. Kisha akalitia daftari katika mfuko wa nailoni na kuchukua fito yake, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kupwa.